Laana Si Mali ya Mtu



Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeuumba ulimwengu kwa uwezo wake na akaufunika kwa rehema yake. Tunamtaka msaada, tunamwomba maghufira, na tunajikinga kwake na shari za nafsi zetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi Waislamu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu. Na leo tumekusudia kuiangalia kwa makini hiyo kalima ya kumcha. Khofu ni ibada miongoni mwa ibada za moyo. Mwenye kuswali akielekea pasipo kibla kwa makusudi, swala yake haiswihi. Basi na moyo una kibla chake. Ukiielekeza khofu yako kwa kiumbe khofu ile ambayo haimstahiki ila Muumba, umekwenda upogo, hata kama ulimi wako haukati tasbihi.

Tunasema haya kwa sababu ya jambo lililotufikia hapa hapa Mji Mkongwe. Mtoto wa kiume wa miaka tisa alikuwa akienda chuoni kusoma Kurani, naye alikuwa mwepesi wa kuhifadhi. Siku moja akapigwa kwa ufito juu ya muundi mpaka ngozi ikapasuka. Akarejea nyumbani akachutama pembeni, akavaa kanzu ndefu hata wakati wa kucheza, na usiku akalala na shuka mpaka kidevuni juu ya joto lote lile. Siku sita alilificha jeraha lile. Siku ya saba bibi yake akahisi harufu, akaifunua kanzu, akaona usaha. Alipomuuliza kwa nini hakusema, mtoto alilia, akajibu: "Bibi, maalim kasema atakayepeleka maneno ya chuoni nyumbani atapata laana. Kurani itatoka kifuani, na macho yatapofuka."

Bibi yule hakusoma vitabu vikubwa. Lakini alimpakata mjukuu wake akamwambia neno ambalo sisi tumelichukua kuwa ndiyo khutba ya leo. Alimwambia: "Mjukuu wangu, rehema ya Mungu imetiwa mfukoni mwa maalim wako, hata ikawa yeye ndiye wa kukupa na kukunyima?"

Enyi ndugu zetu, hebu tulizingatie swali la bibi huyu. Nini maana ya laana? Wanavyuoni wa lugha wanatuambia kwamba asili ya neno hili ni kufukuzwa na kuwekwa mbali na rehema ya Mwenyezi Mungu. Basi anayemwambia mwenziwe kwamba atamlaani naye alaanike, amedai kwamba mlango wa rehema uko mkononi mwake na funguo anazo yeye. Dai kama hili hata Mitume hawakulidai.

Sikilizeni yaliyokuwa baada ya vita vya Uhud. Siku ile Mtume wetu (S.A.W.) alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, na ami yake Hamza akauawa na maiti yake ikakatwakatwa. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Bukhari kwamba baada ya hapo Mtume alikuwa akiwaapiza watu watatu wa Makureshi kwa majina yao: Safwan bin Umayya, Suhayl bin Amr na Harith bin Hisham. Nani angelikuwa na haki zaidi ya kulaani kuliko yeye? Lakini hapo ikateremka aya ya 128 ya Surat Aali Imran, ikimfahamisha Mtume kwamba yeye hana lolote katika amri hiyo. Mwenyezi Mungu akitaka atapokea toba yao, na akitaka atawaadhibu, kwani ni wenye kudhulumu.

Tena tazameni mwisho wa watu wale. Wote watatu walisilimu baada ya kufunguliwa Makka. Safwan ndiye aliyemwazima Mtume deraya zake siku za Hunayn. Suhayl, baada ya Mtume kufariki, alisimama Makka akawathubutisha watu waliotaka kuyumba. Harith, naye ni ndugu yake Abu Jahli, aliondoka Makka akenda kupigana jihadi katika nchi ya Sham, na huko akafia. Basi ikiwa Mtume mwenyewe, naye katika jeraha linalotoka damu, aliambiwa kwamba amri si yake, maalim wa chuo ni nani? Khalifa wa tarika ni nani? Amiri wa kikundi cha vijana ni nani? Na sisi tunaopanda mimbari ni akina nani?

Mtume (S.A.W.) alifundishika na akatufundisha. Siku moja aliombwa awalaani washirikina, akasema kwamba hakutumwa kuwa mwenye kulaani bali ametumwa kuwa rehema. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Dardaa, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, Mtume ametueleza safari ya laana. Mja anapoitamka, hupanda mbinguni ikakuta milango imefungwa. Hushuka ardhini ikakuta milango imefungwa. Hupiga kulia na kushoto, na ikikosa pa kupita humwendea yule aliyelaaniwa ikiwa anaistahiki. Na ikiwa haistahiki, humrejea aliyeitamka. Wenye kuokota laana na kuwarushia watu kama mawe, na waifahamu hadithi hii. Jiwe lile linajua njia ya kurudi.

Na mtu asidhani kwamba kutishia watu kwa laana ni jambo jipya. Tunasoma katika Surat Hud, kuanzia aya ya 54, kwamba kaumu ya Nabii Hud walimwambia hawana la kusema juu yake ila kwamba baadhi ya miungu yao imemsibu kwa baa. Naye aliwajibu kwamba anamshuhudisha Mwenyezi Mungu kuwa yeye yu mbali na hao wanaowashirikisha. Basi na wamfanyie vitimbi wote kwa jumla wala wasimpe muhula, maana yeye amemtegemea Mola wake na Mola wao. Na katika Surat az-Zumar, aya ya 36, Mwenyezi Mungu anatuuliza kama Yeye hamtoshi mja wake, kisha akataja kwamba wao wanamkhofisha Mtume kwa wale walio chini yake. Hiyo ndiyo silaha ya tangu zamani: mtu anapokosa hoja hutoa kitisho.

Wasikilizaji wetu, sasa na tutoke katika nchi za mbali turejee katika pwani yetu wenyewe. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya kumalizika vita vya Maji Maji, barua ilienea huko Lindi na kando ya pwani iliyokuwa chini ya Wajerumani, ikaingia hata bara. Watu waliiita barua ya Makka. Wajerumani waliingiwa na wasiwasi, wakafanya uchunguzi, na uchunguzi wao ukaelekea hapa Unguja, wakamtaja Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule mfanya biashara mashuhuri wa Ujiji aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye wakati huo alikuwa akiishi hapa.

Mambo ya siasa ya wakati ule tunawaachia wanahistoria. Linalotuhusu sisi ni namna barua ile ilivyotembea. Ilisimulia kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, amemwona Mtume usingizini akisikitika kwa maasi ya umma wake. Watu wakahimizwa kutubia, na hilo ni jambo jema. Lakini likatiwa na jingine: mwenye kuieneza barua ameahidiwa kheri, na mwenye kuizuia ameonywa kwamba atakosa shufaa ya Mtume. Wasia huu si wa Lindi peke yake. Nuskha zake zilikwishaonekana katika visiwa vya Indonesia tangu miaka ya 1880, na katika karne iliyofuata Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudia aliandika risala makhsusi kuubatilisha. Juu ya hayo haujafa. Ulinakiliwa kwa kalamu, kisha ukatolewa kwa mashine, na leo unaingia katika simu zetu, ukimtaka mtu awapelekee watu kumi kabla ya jua kuchwa, la sivyo atapata msiba katika nyumba yake.

Hebu tujiulize: barua ya kweli ina haja gani ya kumtisha mwenye kuipokea? Kurani Tukufu imetufikia baada ya zaidi ya miaka 1400. Imehifadhiwa vifuani, imeandikwa juu ya ngozi na karatasi, imesomeshwa watoto katika vyuo vya Unguja na Pemba kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyeambiwa kwamba asipoinakili kumi mwanawe atafariki. Haki hutembea kwa miguu yake yenyewe. Uwongo ndio unaohitaji kusukumwa kwa fimbo.

Enyi Waislamu, liko jambo jingine tunalolijua sote katika mitaa yetu, nalo ni halbadiri. Mtu akiibiwa, au akigombana na jirani kwa mpaka wa kiwanja, husema: "Nitakusomeeni halbadiri." Wanavyuoni wa pwani hii wamekhitalifiana juu ya kisomo hicho, na leo hatukukusudia kuingia katika khitilafu yao. Tunasema juu ya kukitumia kuwa kitisho. Mwenye nyumba amepotelewa na pete, akamwita mtumishi, msichana aliyetoka shamba, hana baba wala ndugu hapa mjini, akamwambia: "Ungama, ama nitakusomea, utavimba tumbo na ukoo wako utakwisha." Msichana akatetemeka, akaungama jambo asilolitenda, kwa kuogopa mauti. Kesho pete ikaonekana chini ya godoro. Je, nani hapa aliyeiba? Mtumishi hakuiba kitu. Mwenye nyumba ndiye aliyeiba heshima ya mtu.

Na ajabu iliyoje kwamba jina linalotumika kwa vitisho hivi ni jina la watu wa Badri! Watu wale, nao ni mia tatu na kitu, walisimama siku ya tarehe 17 Ramadhani mwaka wa pili wa Hijra, wachache na dhaifu, mbele ya jeshi la wenye nguvu. Tena mkumbukeni Hatib bin Abi Balta'a, ambaye aliwaandikia Makureshi barua ya kuwatolea siri ya safari ya Mtume ya kwenda Makka. Barua ikakamatwa, na Sayyidna Umar akataka ruhusa ya kumkata shingo. Mtume akakataa, akamkumbusha Umar kwamba Hatib ni mtu aliyehudhuria Badri. Kwa Mtume (S.A.W.), jina la Badri lilimwokoa mtu aliyekwisha kukosa, naye ushahidi wake uko mkononi. Kwetu sisi jina hilo hilo linakuwa la kumtishia asiyekosa, na wala ushahidi hatuna!

Huenda mtu akatuuliza: Je, mnataka kusema kwamba dua ya mwenye kudhulumiwa haina athari? Hasha. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimhadharisha na dua ya mdhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Lakini angalieni nani alihadharishwa. Ni Muadh, naye ni mtawala anayekwenda kukusanya Zaka. Aliyehadharishwa ni mwenye nguvu, na aliyepewa kimbilio ni dhaifu. Sisi tumeipindua hadithi hii. Mwenye fimbo, mwenye kiti, mwenye wafuasi, ndiye anayejitia kuwa mdhulumiwa na kumtishia mnyonge kwa dua. Mtoto mwenye jeraha la muundi, kama alikuwapo mtu wa kuogopewa dua yake katika chuo kile, basi alikuwa ni yeye.

Na mwengine atauliza juu ya radhi za wazazi na walimu. Hili tunalikubali bila ya kusitasita. Haki ya wazazi ni kubwa, na haki ya aliyekufundisha herufi ya Kurani haisahauliki. Katika hadithi ya Juraij, yule mchaji wa Bani Israili aliyeendelea na swala mama yake alipomwita, tunaona kwamba dua ya mama ilimfika. Lakini Mtume wetu hakuwapa wazazi silaha hii waichezee. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Jabir, amewakataza watu wasijiapize wenyewe, wala wasiwaapize watoto wao, wala mali zao, wasije wakasadifu saa ambayo dua hujibiwa. Kwa hivyo mzazi mwenye ulimi mwepesi wa laana amevunja amri ya Mtume kabla mwanawe hajavunja amri yake. Tena utiifu una mpaka. Surat Luqman, aya ya 15, imemkataza mtoto kuwatii wazazi wanaomshurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na papo hapo ikamwamrisha akae nao duniani kwa wema. Ikiwa utiifu kwa wazazi wawili una mpaka, utiifu kwa maalim na kwa kiongozi wa kikundi hautakosa kuwa na mpaka.

Enyi ndugu zetu, tusidhani kwamba maradhi haya ni ya dini moja au ya mji mmoja. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu kusini magharibi ya Uganda, mamia ya watu waliteketea katika jumba la ibada la kikundi kilichokuwa kikingojea mwisho wa dunia. Wafuasi wake walikuwa wamekwishatoa mali zao, na walifundishwa kunyamaza kimya, wakazungumza kwa ishara za mikono. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi ya Kenya, yalifukuliwa makaburi yenye miili zaidi ya 400, na ndani yake wengi walikuwa watoto. Mhubiri anayetuhumiwa kuwafundisha wafuasi wake wafunge mpaka wafe alishitakiwa mahakamani pamoja na wenziwe. Hatuyataji haya kwa kuwacheka majirani zetu. Tunayataja kwa sababu ukimya wa Kanungu na ukimya wa mtoto wetu wa miaka tisa ni wa namna moja. Mmoja umefikia moto na kaburi, na mwingine umefikia usaha wa jeraha. Bali mlango wa kuingilia ni ule ule: mtu amefundishwa kwamba akisema, au akiuliza, au akiondoka, Mungu atamwangamiza.

Basi tunapenda kuwapa wasikilizaji wetu, khasa vijana wa skuli na wa vyuo, alama tatu za kuujua mlango huo.

Alama ya kwanza ni siri. Elimu ya dini yetu ilisomeshwa misikitini, milango wazi, na mpita njia akasimama akasikiliza. Ndivyo zilivyokuwa darsa za Msikiti Barza na Msikiti Gofu. Ukiambiwa kwamba yanayosemwa hapa yasifike kwa baba yako, wala kwa mama yako, wala kwa shekhe mwengine, simama ujiulize kinachofichwa.

Alama ya pili ni faida. Tazama kitisho kinamnufaisha nani. Ukitishiwa moto wa Jahannamu kwa kuacha swala, mwenye kukuonya hapati senti. Lakini ukitishiwa kwa kuacha kuleta mchango, au kwa kukataa kumtumikia mtu nyumbani kwake, au kwa kukataa ndoa aliyoitaka yeye, jua kwamba jina la Mungu limetiwa katika mizani ya biashara.

Alama ya tatu ni kuzuiwa swali. Sayyidna Abubakar, siku aliposhika ukhalifa, aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Hakuwaambia kwamba atakayemnyoosha atalaanika. Na siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Fursa iliyoje ya kuwatia watu khofu na kuwafunga kwayo! Lakini Mtume, naye ana huzuni ya mwanawe, aliwasahihisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hiyo ndiyo amana ya kiongozi wa dini. Hachumi katika khofu ya watu hata inapomjia bure.

Na kwa aliyekwisha kulishwa yamini, akaapishwa kwa Msahafu kwamba hatatoka katika kikundi, au hatalitoa nje jambo la dhulma, tunamwambia hivi: usikate tamaa, wala usikae katika kifungo. Mtume wetu ametufundisha kwamba mwenye kuapa, kisha akaona lililo bora kuliko lile aliloliapia, na afanye lililo bora na atoe kafara ya yamini yake. Na kafara imeelezwa katika Surat al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa; na asiyeweza, afunge siku tatu. Tazameni huruma ya sharia! Mwanadamu amefunga fundo akasema halifunguki milele, na Mwenyezi Mungu amelifungua kwa chakula cha maskini. Kuinusuru nafsi na dhulma, na kumwokoa mtoto, ni bora kuliko kukaa katika kiapo cha kumridhi mtu.

Tena ziko sehemu mbili ambapo sharia imemtaka mtu aitaje laana katika mzozo. Ya kwanza ni katika maapizano ya mume na mke, yaliyotajwa mwanzoni mwa Surat an-Nur. Pale mume hujitakia laana yeye mwenyewe ikiwa amesema uwongo. Ya pili ni katika maapizano ya Surat Aali Imran, aya ya 61; pale kila upande hukubali laana iwashukie waongo, hata ikiwa ni wao. Zingatieni jambo hili. Pahala ambapo sharia imeruhusu laana, mwenye kuitamka ametakiwa kwanza aweke shingo yake mwenyewe chini yake. Wenye kuwatishia watoto wa watu, je, wako tayari kuweka shingo zao?

Enyi walimu wa vyuo, nanyi ni watu tunaokuheshimuni, kazi yenu ni kubwa na ujira wenu hapa duniani ni mdogo. Heshima yenu haitaki laana iilinde. Mtoto anayekupendeni atakuombeeni dua miaka hamsini baada ya kufa kwenu. Mtoto anayekuogopeni kwa laana atakusahauni siku atakayotambua kwamba hakupofuka.

Enyi wazazi, msikilizeni mtoto anapokuwa kimya ghafula. Muulizeni kwa upole, na anapokuambieni msimrejeshe kwa fimbo kwenda kutaka radhi kwa aliyemdhulumu. Yakithibiti madhara, nendeni kwa wazee wa msikiti, nendeni kwa sheha, nendeni katika vyombo vya sheria. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto tangu mwaka 2011, na kuitumia si kuivunjia dini heshima. Kulificha jeraha ndiko kulikoivunjia dini heshima.

Nanyi vijana, msijifunze kutokana na khutba hii kumdharau shekhe wala kumbeza mzee. Mwenye adabu anaweza kusema hapana huku ameinamisha kichwa. Mwambieni: "Shekhe, nakuheshimu, lakini hili nitakwenda kuuliza."

Tunamalizia kwa khabari ya mtoto wetu. Alipelekwa hospitali, na jeraha likapoa. Baba yake na wazee wa mtaa walikwenda kwa maalim yule, na jambo likafikishwa kwa sheha. Maalim hakukana. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye naye alipokuwa mdogo aliambiwa maneno hayo hayo na mwalimu wake, na mpaka leo, naye ni mtu mwenye mvi, huota usiku kwamba amepofuka. Wazee waliohudhuria walilia. Kusomesha akaachishwa, lakini hakuna aliyemlaani.

Mtoto alihamia chuo kingine. Wiki ya kwanza hakufungua kinywa. Wiki ya pili maalim wake mpya alimwomba asome, naye akaanza kwa sauti ndogo, mkono mmoja juu ya jicho, kana kwamba anangojea kiza kiingie. Akafika mwisho wa sura. Akauondoa mkono. Kurani ilikuwa imo kifuani, na macho yake yalikuwa yakiona.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na khofu ya kila asiyekuwa Wewe. Walinde watoto wetu katika majumba, katika maskuli na katika vyuo. Wape walimu wetu subira na huruma. Waongoze waliodhulumu watubie kabla ya Siku ambayo haki zitarejeshwa kwa wenyewe, na uwape nguvu waliodhulumiwa waseme. Tughufirie sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliokwisha kutangulia.

Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.